Je, Mwislamu Anadaiwa Radhi?

Kila mara magaidi wanapomwaga damu katika nchi yetu, swali moja hufuata kabla udongo wa makaburi haujakauka. Swali hilo haliwaelekei waliotenda uovu, maana hao aghalabu wamekwisha kufa au wamekimbia. Haliielekei serikali, ambayo imepewa kodi na silaha ili iwalinde raia wake. Huelekezwa kwa mwenye duka Eastleigh, kwa mvuvi wa Lamu, kwa msichana aliyejitanda mtandio katika darasa la kidato cha pili. Hao ndio huulizwa: Ninyi Waislamu mnasema nini? Mbona mmenyamaza? Mbona hamwombi radhi?

Swali hili lina sura ya haki, na mara nyingi huulizwa na watu wema wenye majonzi ya kweli. Ndiyo sababu nataka tulipime, msomaji, kwa mizani isiyopunja. Dai langu nalitoa mapema ili usipate taabu ya kulitafuta: swali hili ni dhuluma, na mtu anayeliuliza, ajapokuwa hana nia mbaya, huendeleza kazi iliyoanzwa na magaidi wenyewe. Mimi ni Mkristo niliyezaliwa na Wakristo. Hapana mtu wa nyumbani kwangu ninayemtetea katika maneno haya.

Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa njiani na watu wenye bunduki. Miongoni mwa abiria walikuwamo walimu, waliofunga shule na kurudi makwao kwa likizo ya Krismasi. Wenye bunduki waliwataka abiria watamke maneno ya imani ya Kiislamu. Walioshindwa walitengwa na wenzao, wakauawa. Watu 28 walikufa. Tarehe 2 Aprili 2015 mambo kama hayo yalitendeka katika Chuo Kikuu cha Garissa. Huko nako waliobainika kuwa Wakristo walitengwa, na watu 148 wakapoteza maisha, karibu wote wanafunzi. Kabla ya hayo, Septemba 2013, watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate, Nairobi, na baadhi ya waliokutwa humo waliulizwa maswali ya dini, kana kwamba mahali pa kununua mkate pamegeuka chumba cha mtihani.

Litazame tendo hili kwa makini. Gaidi hakumwuliza mwalimu wa Mandera, "Umefanya nini?" Alimwuliza, "Wewe ni wa nani?" Hakutaka kujua kama mtu yule alikuwa amemdhulumu Msomali hata mmoja, au kama alikuwa ameacha mji wake na jamaa zake akaenda kuwafundisha watoto wa Kisomali kusoma na kuandika. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011, na kwa hesabu ya al-Shabaab kila Mkristo wa Kenya alikuwa mwenye hisa katika jeshi hilo: mchimba mawe, mpishi wa hoteli, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeamka kusali kabla ya masomo. Jina la dini lilitosha kuwa kosa, na kosa lilitosha kuwa hukumu. Tunapoulizwa ni kwa nini tendo hili linatuchukiza kupita mauaji ya majambazi wa kawaida, jibu ni hilo. Jambazi huua kwa sababu ya mali yako au kwa sababu umemwona uso. Huyu aliua mtu kwa hesabu ya mtu mwingine.

Sasa mtazame raia aliyeketi mahali pa salama siku ya pili yake. Amesoma habari, moyo umemwuma, anatoka nje anamkuta jirani yake Mwislamu akifungua duka. Hamwulizi, "Umefanya nini?" maana anajua fika kwamba jirani huyo jana alikuwa akiuza sukari. Anamwuliza, "Wewe ni wa nani, na watu wako wanasema nini?" Tofauti kati ya wawili hawa ni kubwa mno, wala sitaki kuipunguza: mmoja ameshika bunduki, mwingine ameshika gazeti. Lakini njia wanayoitumia kumpata mwenye hatia ni moja. Wote wawili wamechukua tendo la mtu mmoja, wakatafuta jina analoshiriki na wengine, wakaliandika deni juu ya jina hilo, kisha wakamdai wa kwanza waliyemkuta.

Mwaka ule wa 2015 nilikuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu ambacho sitakitaja. Majuma machache baada ya mauaji ya Garissa palifanyika mkutano wa maombolezo. Mkubwa mmoja alihutubia vizuri, watu wakalia, kisha akawataka wanachuo Waislamu wainuke, wasimame mbele ya wenzao, waukane ugaidi. Walikuwa kumi na mmoja. Mmoja wao, kijana wa Mumias, alitoka katika ukoo ambao nusu ni Waislamu na nusu ni Wakristo, kama zilivyo koo nyingi za huko, na binamu yake Mkristo alikuwa miongoni mwa waliouawa Garissa. Alisimama pamoja na wengine, akaukana ugaidi kwa sauti iliyosikika kwa shida. Mfiwa alitakiwa awaombe radhi wasiofiwa! Mkutano ukafungwa kwa sala, na mkubwa yule akasifiwa kwa kulifanya jambo lake kwa adabu.

Watakuwako watakaosema kwamba nalikuza jambo dogo. Kwamba swali ni swali tu, halimtoi mtu damu. Laiti ingekuwa hivyo. Swali huandaa njia, na mkono huifuata. Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu huko Eastleigh na kuua watu. Baada ya mlipuko, vijana wenye hasira waliwashambulia Wasomali kwa mawe, wakavunja maduka na kuingia majumbani. Waliopigwa hawakuwa wamelipua kitu cho chote. Waliopiga hawakuwa na bunduki, wala hawakujiita magaidi, na ukiwauliza wangekuambia kwamba wanawalipia kisasi wasio na hatia.

Katika mambo ya namna hii taifa letu halina haki ya kujifanya geni. Vijana, mnasoma habari za Hali ya Hatari katika vitabu vya historia, mnapata alama zenu, kisha mnayaacha humo humo kitabuni. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika msako mkubwa uliopewa jina la Anvil, yaani fuawe. Watu walitolewa majumbani na makazini, wakapangwa kwa kabila: Wakikuyu, Waembu na Wameru huku, wengine kule. Mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye watu walimwita gakunia, aliketi akiwatazama wanaopita. Alitikisa kichwa tu, na kwa kutikisa huko mtu akaenda kizuizini. Watu zaidi ya 20,000 walichukuliwa. Mkikuyu alihesabiwa kuwa Mau Mau mpaka athibitishe kwamba siye, na kuthibitisha kwenyewe hakukuwa na kipimo. Akinyamaza, aliambiwa kimya chake ni ushahidi. Akisema, aliambiwa anasema kwa hila.

Miaka sitini baadaye, mwezi ule ule wa Aprili, mwaka 2014, serikali ya nchi huru ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na mahali pengine, na wengi wakapelekwa katika uwanja wa Kasarani ili vitambulisho vyao vichunguzwe. Walikuwamo wanawake na watoto, na walikuwamo raia wa Kenya waliozaliwa hapa na baba zao wakazaliwa hapa. Wajukuu wa waliopangwa foleni mwaka 1954 walitazama foleni ya mwaka 2014, na wengi wao wakaona ni sawa. Sijui kama yupo mwalimu wa historia anayeweza kulisoma jambo hili bila kujiuliza ni nini hasa anachofundisha.

Hata tukiiweka kando haki kwa kitambo, tukauliza juu ya faida peke yake, je, dawa hii iliponya? Usalama Watch ilikuwa Aprili. Novemba ya mwaka huo likashambuliwa basi la Mandera. Mwanzo wa Desemba wachimba mawe 36 wakauawa huko huko Mandera. Aprili iliyofuata ikawa Garissa. Foleni ya Kasarani haikumzuia hata mmoja wa wauaji hao, maana mwuaji hasimami foleni. Anayesimama foleni ni yule aliyeitii serikali akabaki nyumbani na kitambulisho chake mfukoni.

Hebu tugeukie upande wa pili, ambako mimi mwenyewe nimesimama. Huko Uganda, Joseph Kony aliunda jeshi alilolipa jina la Bwana, akadai kwamba anataka nchi itawaliwe kwa Amri Kumi. Jeshi hilo liliteka maelfu ya watoto, likawakata watu midomo na masikio, likavuka mpaka mpaka Kongo na Sudan. Amri Kumi anazozitaja Kony ndizo nilizofundishwa mimi katika shule ya Jumapili. Walakini tangu nizaliwe hapana Mwislamu aliyenisimamisha njiani akanitaka nimkane Kony kwanza ndipo aninunulie chai.

Au tuje nyumbani kabisa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, na wengi walikuwa watoto. Mhubiri mmoja alishtakiwa kwamba aliwashawishi wafunge kula mpaka wafe, ili wakutane na Yesu. Idadi hiyo inazidi ya Westgate, ya Garissa na ya basi la Mandera zikijumlishwa pamoja. Nchi ilifanya nini? Iliuliza juu ya mhubiri huyo na wasaidizi wake. Iliuliza juu ya polisi, kama walipewa habari mapema wasichukue hatua. Iliuliza juu ya sheria za kuandikisha makanisa. Maswali hayo yote yalikuwa ya haki, na yaliwaelekea watu wanaopasa kuulizwa. Padri wa Nyeri hakuulizwa mbona amenyamaza. Mama anayeimba kwaya Kakamega hakuzuiwa sokoni akatakiwa aombe radhi kwa niaba ya Ukristo. Ikiwa tulijua namna ya kuuliza vizuri juu ya Shakahola, kwa nini tulisahau namna hiyo juu ya Garissa?

Nadhani jibu si gumu. Katika nchi hii Wakristo ni wengi, na mtu mwovu wa walio wengi huhesabiwa kuwa mtu mmoja mwovu. Mtu mwovu wa walio wachache huhesabiwa kuwa mjumbe wa wenzake. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Waislamu wa Kenya ni zaidi ya milioni 5. Jaribu kufikiri ni kikao gani watu milioni 5 wangeweza kukaa, wamchague nani, na wamtume kwa nani kuomba radhi. Na kama ni kulaani, viongozi wao wamelaani mara nyingi. Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya lililaani mauaji ya Westgate, likalaani ya Garissa. Aulizaye mbona wamenyamaza hakusikia, na yamkini hakusikiliza.

Lakini ipo hoja nzito kuliko hizo, nami sitaikwepa. Husemwa: "Wauaji hawa hawakushuka kutoka mbinguni. Wana wazazi, wana jirani, wana misikiti waliyosali. Watu wao wanawajua, tena wanawaficha." Hoja hii ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya ikubalike upesi. Ni kweli kwamba anayemjua mwuaji akamficha ana hatia. Ana hatia awe Mwislamu, awe Mkristo, awe hana dini. Lakini tazama jinsi neno "anayemjua" linavyogeuzwa kimyakimya kuwa "anayefanana naye".

Mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu katika Kaunti ya Mandera. Serikali yenyewe ilitangaza, baada ya mauaji, kwamba baba huyo alikuwa amewaarifu wakuu juu ya kupotea kwa mwanawe, akihofia kwamba amekwenda Somalia. Basi huyu hapa ndiye Mwislamu tunayemdai kila siku: Msomali, mtu wa mpakani, baba wa gaidi, naye alisema. Alisema mapema, akawaambia wanaopasa kuambiwa. Katika Mombasa, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, alisimama hadharani kuwapinga vijana waliokuwa wakiteka misikiti kwa mafundisho ya chuki. Alipigwa risasi akafa alfajiri ya tarehe 10 Juni 2014. Mwaka 2012, makanisa mawili ya Garissa yaliposhambuliwa wakati wa ibada, viongozi wa Waislamu wa mji huo walijitolea kuwaweka vijana wao wayalinde makanisa. Anayesema kwamba hawa wote wamenyamaza anahitaji kueleza kusema ni kitu gani.

Na asisahau kuhesabu maiti wote. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililojaa baruti lililipuka katika njia panda mjini Mogadishu, likaua watu zaidi ya 500. Karibu wote walikuwa Waislamu, wengine wakiuza matunda, wengine wakitoka kazini. Hapana kundi lililowaua Waislamu wengi katika pembe hii ya Afrika kama hilo linalodai kuwapigania. Kumtaka Msomali wa Eastleigh, ambaye labda alikimbia kundi hilo na mtoto mgongoni, aombe radhi kwa sababu ya kundi hilo, ni sawa na kumdai aliyeunguliwa na nyumba alipe gharama ya kiberiti.

Baada ya kusema hayo nina neno kwa wasomaji wangu Waislamu, na huenda lisiwapendeze. Wengi wenu mkisukumwa kwa swali lile hujibu: "Hao si Waislamu." Nalielewa jibu hili. Ni jibu la mtu aliyebanwa ukutani, anayetaka kuachwa apumue. Hata hivyo halitoshi. Mwuaji hutaja aya, hata kama huikata kichwa na miguu. Huvaa maneno ya dini, huahidi pepo ya dini, na kijana wa miaka kumi na saba anayesikiliza hotuba zake usiku katika simu hawezi kuokolewa kwa tangazo kwamba mhubiri yule ametolewa katika dini. Kijana huyo atataka hoja. Atataka kuonyeshwa aya nzima, na wakati wake, na walivyoielewa wanazuoni. Hoja hiyo siwezi kuitoa mimi, na nikijaribu atanicheka, na atakuwa na haki ya kunicheka. Itatoka kwa shehe, kwa mwalimu wa madrasa, kwa mjomba anayejua kusoma. Anayeweza kuitoa asiitoe, akatosheka na "hao si Waislamu", ameacha mlango wazi.

Je, nimejipinga? La. Ametumbukia mtoto kisimani, na kando ya kisima wamesimama watu kumi, na mmoja tu ndiye ajuaye kuogelea. Hapana shaka huyo ana wajibu kuliko wale tisa: aruke. Akikaa kimya akitazama, tutamlaumu, na lawama yetu itakuwa ya haki. Lakini ni mwenda wazimu gani atakayesema kwamba, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kuogelea, basi yeye ndiye aliyemsukuma mtoto? Na kama wale tisa, badala ya kutafuta kamba, wangeanza kumzunguka na kumpigia kelele akiri kosa lake, mtoto angekufa wakati wa kelele. Wajibu wa ajuaye ni kitu kimoja, na deni la mwenye hatia ni kitu kingine. Aliyechanganya viwili hivi humfanya mwogeleaji atumie nguvu zake kujitetea ukingoni.

Hatia tunayo namna ya kuishughulikia, tena ni namna nzuri, ingawa huenda polepole. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kushiriki katika njama ya mauaji ya Garissa. Kila mmoja aliitwa kwa jina lake, akasomewa matendo yake, ushahidi ukaletwa juu ya simu aliyopiga na mahali alipokuwa. Mmoja wao alikuwa Mtanzania, na hapana aliyeidai Tanzania radhi. Wengine walioshtakiwa pamoja nao waliachiliwa, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Wapo walionung'unika kwamba walioachiliwa wameponyoka. Mimi naona kule kuachiliwa kulikuwa sehemu bora ya kazi yote, maana ndiko kulikoonyesha kwamba waliofungwa walifungwa kwa sababu ya tendo.

Wako na wengine wanaopasa kuulizwa, ambao kelele zetu juu ya Waislamu huwapa nafasi ya kupita nyuma ya umati. Shambulio la Garissa lilianza alfajiri. Kikosi maalumu cha kupambana na magaidi kilifika kutoka Nairobi baada ya saa nyingi, na mauaji yakawa yamekwisha kutendeka. Ni nani aliyepanga safari hiyo? Habari ya chifu juu ya mwanawe ilifika meza ya nani, ikalala hapo kwa muda gani? Askari apokeaye hongo mpakani na karani auzaye kitambulisho hawana dini maalumu. Hongo hupokelewa na waombao Ijumaa na waombao Jumapili. Mtu anayeishi kwa hongo hiyo hufurahi mno kuona taifa zima likibishana juu ya mtandio wa msichana wa kidato cha pili.

Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, magaidi walilisimamisha tena basi lililokuwa likienda Mandera. Waliwataka abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike wasitambulikane, na waliokuwamo wakawaambia wenye bunduki kwamba wawaue wote pamoja au wawaache wote. Watu wawili walikufa siku ile, lakini mauaji ya mwaka uliotangulia hayakurudiwa. Salah Farah, Mwislamu, naibu wa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, alijeruhiwa kwa risasi, akafa hospitalini Nairobi Januari 2016. Baada ya kufa kwake Rais Uhuru Kenyatta alimtunukia nishani. Ninachotaka ukione, msomaji, ni kwamba watu wale waliulizwa, "Wewe ni wa nani?" wakakataa kulijibu swali. Hawakusema, "Sisi ni Waislamu wema." Walisema swali lenyewe halifai kuulizwa ndani ya basi lile. Sisi tusio na bunduki kifuani tunaliuliza kila siku kwa hiari yetu.

Salah Farah alikuwa mwalimu, na kwa habari ya walimu nitamaliza. Baada ya mauaji ya Novemba 2014 walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini mashariki. Siwalaumu, hapana mwenye haki ya kumlaumu mtu kwa kuogopa kufa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule zilibaki na wachache, na mwanafunzi wa kidato cha nne huko alikaa na vitabu vyake bila mtu wa kumfafanulia, kisha akafanya mtihani ule ule uliofanywa Nairobi na Kisumu. Mwanafunzi huyo ni Mwislamu karibu bila shaka. Hakumwua mtu, na hapana mtu aliyepungukiwa zaidi yake kwa kifo cha walimu wale. Mtu wa kwetu akimfikia leo na kumdai radhi, atamkuta naye anatudai mwalimu wa fizikia.